Data za saratani: Je, Myamba itauza ghafi tena?

WAKATI wanunuzi wa tangawizi wanaopanda Myamba, wilayani Same, wamezoea kuulizana bei ya gunia na hali ya barabara, ipo bidhaa nyingine ya mkoa wa Kilimanjaro ambayo haipimwi kwa mizani wala haipakiwi kwenye Fuso. Bidhaa hiyo ni picha na kumbukumbu za akina mama waliopimwa saratani ya mlango wa kizazi. Wanaoihitaji ni watafiti na makampuni yanayotengeneza mitambo ya akili mnemba, yaani programu za kompyuta zinazofundishwa kwa maelfu ya mifano mpaka ziweze kuitazama picha na kutamka kama mwanamke ana dalili za hatari au hana.

Mfanyabiashara anayedhani habari hii ni ya hospitali peke yake na atazame soko la mitaji. Oktoba 2025 kampuni mbili za uwekezaji za Marekani, Blackstone na TPG, zilitangaza makubaliano ya kuinunua Hologic kwa thamani inayoweza kufika dola bilioni 18.3. Hologic ndiyo iliyopata kibali cha serikali ya Marekani, Februari 2024, cha kutumia akili mnemba kusoma vipimo vya saratani ya mlango wa kizazi. Ni kweli kwamba kampuni hiyo inauza pia mashine za kupima matiti na vifaa vingine, kwa hiyo si kila dola ya bei hiyo inatokana na mlango wa kizazi. Lakini hakuna mnunuzi anayeweka fedha za aina hiyo mahali ambapo haoni mauzo ya kesho.

Upande wa chanjo nako ni hivyo hivyo. Gardasil, chanjo ya kampuni ya Merck dhidi ya kirusi cha HPV kinachosababisha ugonjwa huu, iliingiza karibu dola bilioni 8.9 mwaka 2023, kabla ya kushuka kidogo mwaka 2024 baada ya soko la China kudorora. Afya ya mlango wa kizazi, kwa ufupi, ni biashara kubwa duniani. Wanaoumwa zaidi wako Afrika, na walioshika hisa wako kwingine.

Myamba inaijua hesabu hii. Kwa miaka mingi tangawizi ya Mamba na Myamba iliuzwa mbichi, na udongo wake, kwa magunia ya lumbesa, na faida ya maana ikapatikana mbele ya safari: Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi. Ndiyo sababu wakulima walijiunga katika ushirika na kujenga kiwanda cha kusindika, na baadaye Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF) ukaingia kama mbia. Kiwanda kimekuwa na misukosuko yake, lakini fikra iliyokizaa ilikuwa sahihi. Je, fikra hiyo inaweza kutumika kwa data?

Ugonjwa wenyewe na hesabu zake

Kwa makadirio ya mwaka 2020 ya IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, wanawake 10,241 wa Tanzania walipata saratani ya mlango wa kizazi katika mwaka huo, na 6,525 walikufa kwayo. Hakuna saratani nyingine inayoua wanawake wengi zaidi nchini. Anayetaka kulielewa balaa hili kibiashara akumbuke umri wa wanaougua: wengi ni wanawake walio katika miaka yao ya kazi, wenye shamba, genge, watoto shuleni na mkopo wa VICOBA.

Jambo la kusikitisha ni kwamba ugonjwa huu hauji ghafla. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, safari kutoka kuambukizwa HPV hadi kupata saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye virusi vya UKIMWI asiyetibiwa inaweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu, na hatari yake ya kuipata ni kama mara 6 ya mwenzake. Katika muda wote huo muuguzi aliyefundishwa anaweza kuona mabadiliko na kuyatibu zahanati, kwa kuyagandisha au kuyachoma kwa joto, mama akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ikishakuwa saratani yenyewe, habari nyingine inaanza: upasuaji, dawa, mionzi, na safari za Moshi au Dar es Salaam.

Tofauti inaonekana katika uhai. Tafiti zilizokusanya madaftari ya saratani ya nchi za Afrika kusini mwa Sahara zinaonyesha kuwa takriban theluthi moja tu ya wagonjwa huwa hai miaka mitano baada ya kuambiwa wanaumwa. Marekani ni kama theluthi mbili. Sababu kubwa ni kwamba mgonjwa wa Afrika hufika akiwa amechelewa, na akifika, tiba huwa mbali au ghali au zote mbili.

Mabinti wana nafuu. Mkoa wa Kilimanjaro ulitangulia nchi nzima kupokea chanjo ya HPV kwa majaribio mwaka 2014, chanjo ikaenea nchini kote Aprili 2018, na tangu Aprili 2024 msichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja badala ya mbili. Mama zao hawakuipata. Mwanamke wa miaka 40 anayebeba tangawizi leo kutoka shambani hadi barabarani kinga yake ni kupimwa tu, na kipimo kilichozoeleka vijijini ni kile cha siki: mlango wa kizazi unapakwa asidi ya siki, sehemu iliyobadilika inageuka nyeupe, muuguzi anaangalia kwa macho na kuamua.

Hapo kwenye macho ndipo penye tatizo, na ndipo biashara ilipoingia. Muuguzi mmoja anaona hatari, mwenzake haoni kitu. Aliyefundishwa wiki mbili zilizopita huona vizuri kuliko aliyefundishwa miaka minne iliyopita na ambaye hakukaguliwa tena.

Kutoka Costa Rica hadi Kwale

Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walitangaza matokeo yaliyowashtua wengi. Walichukua picha za wanawake 9,406 wa Guanacaste, Costa Rica, waliofuatiliwa tangu miaka ya 1990, wakaifundisha kompyuta kuzisoma. Katika kipimo cha umahiri ambacho 1 ni ukamilifu na 0.5 ni sawa na kurusha sarafu, mashine ilipata 0.91. Wataalamu waliosoma picha zile zile kwa macho walikuwa wamepata 0.69, na kipimo cha kawaida cha maabara 0.71.

Magazeti yalishangilia. Kisha mambo yakapoa. Ilionekana kuwa mashine iliyofundishwa kwa picha za kamera moja inababaika inapopewa picha za kamera nyingine, na kwamba picha mbili za mwanamke yule yule, zilizopigwa dakika chache tu mbali, zinaweza kupewa majibu tofauti. Watafiti wenyewe waliandika wazi baadaye kwamba matumaini ya mwanzo yalizidi kiasi. Dawa yake ni moja: kupata picha nyingi zaidi, za simu na kamera mbalimbali, kutoka kwa wanawake wa nchi mbalimbali. Ndipo ulipoanzishwa mradi wa PAVE, unaounganisha kipimo cha HPV na usomaji wa picha kwa kompyuta, na Tanzania ni mojawapo ya nchi 9 zilizomo, pamoja na Malawi, Nigeria, Eswatini na nyingine za Asia na Amerika ya Kusini na ya Kati.

Jirani zetu wa Kenya wana mfano ulio karibu zaidi na soko la hisa. Kati ya Septemba 2018 na Septemba 2019, katika hospitali ya Kinondo Kwetu, Kwale, wanawake 740 wanaoishi na virusi vya UKIMWI walichukuliwa kipimo cha Pap. Vioo vya maabara viliskaniwa pale pale kwa mashine ndogo, picha zikapandishwa kwenye seva kwa mtandao wa simu, kompyuta ikafundishwa kwa vioo vya wanawake 361 na kupimwa kwa 379 waliobaki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la chama cha madaktari cha Marekani: hakuna kioo hata kimoja chenye mabadiliko makubwa ambacho kompyuta ilikiita salama. Ni mafanikio ya kweli, hasa kwa wilaya isiyo na mtaalamu wa kusoma vioo.

Programu iliyotumika ilikuwa ya Aiforia, kampuni ya Finland. Mmoja wa watafiti, Johan Lundin, ni mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, jambo ambalo ripoti ya utafiti ililitamka bila kuficha. Desemba 2021 hisa za Aiforia ziliingia katika soko la First North la Helsinki, soko la kampuni zinazokua. Si kwamba kampuni ilijengwa kwa vioo vya Kwale. Kusema hivyo kungekuwa uzushi, kwani wanawake 740 ni wachache na kampuni ina kazi nyingi nyingine. Lakini mwekezaji mdogo aone jinsi kamba ilivyosukwa. Mwanamke wa Kwale anatoa kioo, mtafiti anapata ripoti, programu inapata sifa ya kufanya kazi hata mahali pasipo na maabara kubwa, na sifa hiyo ni kitu kinachouzika.

Kilimanjaro yenyewe haikuachwa nyuma. Mwaka 2016 kundi la watafiti likiongozwa na Karen Yeates wa Chuo Kikuu cha Queen's cha Kanada lilichapisha kile walichokiita Njia ya Kilimanjaro. Wauguzi walipewa simu za kisasa, wakipaka siki wanapiga picha na kuituma kwa daktari bingwa aliye mbali, naye anawajibu na kuwarekebisha. Lengo lilikuwa mafunzo, na kwa kazi hiyo njia ilifaa. Ila picha ya simu iliyokwisha kusomwa na bingwa ndicho chakula hasa ambacho kompyuta inakihitaji. Kifaa kilichobuniwa kumfundisha muuguzi kinaweza kesho kumfundisha mshindani wa muuguzi.

Kosa la mashine linalipwa na nani

Wanaouza mitambo hii hupenda kutaja asilimia. Mfanyabiashara azigeuze kuwa vichwa vya watu. Tuseme, kwa mfano tu, wanawake 1,000 wa tarafa moja wanapimwa, na 30 kati yao wana mabadiliko ya hatari. Mashine inayokamata asilimia 90 ya wenye hatari itawapata 27 na kuwaacha 3. Hao watatu wanarudi nyumbani na cheti cha amani. Kama mashine hiyo hiyo inawatambua kwa usahihi asilimia 80 ya walio salama, basi kati ya 970 wasio na tatizo 194 wataambiwa wanalo. Jumla watakaoitwa ni 221, na ni mmoja tu kati ya kila 8 mwenye ugonjwa wa kweli.

Katika jiji hilo linavumilika. Kwa Myamba kuitwa ni kushuka mlima hadi Maore, pengine kuendelea kwa barabara ya Kisiwani hadi Same mjini, na akipewa rufaa ya KCMC ni kama kilometa 100 nyingine hadi Moshi. Nauli, chakula, siku mbili au tatu bila shamba, na kwa mwenye genge, wateja wanaohamia kwa jirani. Mashine inayotoa kengele nyingi za uongo inaweza kuokoa fedha za wizara na huku ikimaliza mtaji wa akina mama. Hesabu hiyo haimo katika vipeperushi vya mauzo.

Bado haifuati kwamba mashine ikataliwe. Tiba ya zahanati haina madhara makubwa, na mama aliyetibiwa bila kuhitaji ni afadhali mara kumi kuliko aliyeachwa. Linalotakiwa ni muuzaji aonyeshe asilimia zake kwa wanawake wa Same na kwa simu zinazotumika Same. Za Guanacaste hazitoshi.

Thamani iko kwenye miaka mitano

Hapa ndipo penye kiini cha biashara, nacho hakisemwi sana. Picha peke yake ni bidhaa ghafi. Picha za Guanacaste zilikuwa na thamani kwa sababu wanawake wale walifuatiliwa kwa miaka, ikajulikana nani aliugua na nani hakuugua. Bila kujua mwisho wa safari, kompyuta inajifunza kuiga maoni ya daktari, na daktari naye hukosea. Ukiunganisha picha ya mwaka huu na habari ya mama yule yule miaka mitano baadaye, kama yu hai, alitibiwa nini na wapi, umepata tangawizi iliyomenywa, iliyokaushwa na kufungwa kwenye pakiti.

Tafiti za uhai wa wagonjwa wa saratani barani Afrika hukwama hapo hapo. Mgonjwa akimaliza matibabu au akikata tamaa, anarudi kijijini, namba ya simu inabadilika, daftari linamwandika kuwa amepotea. Wengine huhesabiwa hai kwa sababu hakuna aliyetoa taarifa ya msiba. Mwenye majibu ni mhudumu wa afya wa kijiji, balozi wa nyumba kumi, mchungaji au shehe, na ndugu. Kwa maneno mengine, sehemu ya data yenye bei kubwa kuliko zote iko Myamba na si katika seva ya Ulaya, na wenyeji hawajui kwamba wameishika.

Pia ndiyo sehemu yenye hatari kubwa. Watafiti huahidi kuondoa majina, na mjini hiyo ni ahadi ya maana. Katika kata ya mlimani, rekodi inayosema mwanamke wa miaka 43, mwenye saratani hatua ya tatu, anayeishi na virusi vya UKIMWI, kutoka kata ya Myamba, haihitaji jina. Kila anayepanda lori la tangawizi siku ya soko atamjua. Picha ya mlango wa kizazi haina sura, lakini simu iliyoipiga huweza kuandika mahali, tarehe na saa. Na mtu akipiga simu nyumbani kuuliza kama mama fulani bado yu hai, mpokeaji anaweza kuwa mume ambaye hakuwahi kuambiwa ugonjwa wenyewe.

Tazama tena upande wa mikopo na bima. Programu zinazotabiri uhai wa mgonjwa zipo tayari na nyingi zimefundishwa kwa wagonjwa wa Marekani. Daktari anaweza kuitumia kujua nani aharakishwe. Mwenye kampuni ya bima au taasisi ya mikopo anaweza kuitumia kujua nani anyimwe. Hesabu ni ile ile, anayebadilika ni mteja wa hesabu. Na kama programu imejifunza kwamba wanaotoka wilaya za mbali hufa mapema, inaweza kuwaweka nyuma kwenye foleni kwa kosa la barabara mbovu.

Sheria imeanza kuuma

Tanzania haiko bila ulinzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Taarifa za afya zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti, ambazo haziruhusiwi kuchakatwa bila ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, isipokuwa katika mazingira yaliyotajwa. Kuna masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Kampuni inayotoa taarifa za watu kinyume cha sheria inaweza kutozwa faini inayofika shilingi bilioni 5. Zaidi ya hapo, utafiti wowote wa tiba unahitaji kibali cha maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) hudai mkataba maalumu kabla data hazijavuka mpaka.

Udhaifu uko kwenye karatasi ya ridhaa yenyewe. Mama amesubiri tangu asubuhi, muuguzi ana foleni, fomu ina kurasa kadhaa, lugha ni ya kitaalamu, na bibi wa miaka 60 anayezungumza Chasu zaidi ya Kiswahili anaonyeshwa mahali pa kuweka dole gumba. Amekubali kupimwa. Kama amekubali pia picha yake ifundishe programu itakayouzwa miaka kumi ijayo, hilo ni jambo la kubishaniwa. Ridhaa mbili tofauti, moja ya tiba na nyingine ya matumizi ya baadaye, na haki ya kukataa ya pili bila kunyimwa ya kwanza, haziongezi gharama kubwa. Zinaongeza karatasi moja.

Kenya wamekwisha kufika mahakamani. Mwaka 2023 maelfu ya watu walipanga foleni Nairobi kupigwa picha za mboni za macho na mradi wa Worldcoin ili wapate sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi elfu kadhaa za Kenya. Serikali ikausimamisha Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zilizokusanywa zifutwe. Desemba 2025 mahakama hiyo ikasimamisha kwa muda utekelezaji wa kipengele cha kutoa data za afya katika makubaliano ya afya kati ya Kenya na Marekani. Mwekezaji aliyepanga biashara yake juu ya data za Afrika Mashariki aandike hatari hiyo kwenye vitabu vyake: mali inayoweza kufutwa kwa amri ya jaji ni mali ya mashaka.

Ulaya na Marekani nao wana deni lao, na deni kubwa kuliko yote lilitokana na ugonjwa huu huu. Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, chembe za saratani ya mlango wa kizazi za Henrietta Lacks, mama Mwafrika wa Marekani, zilichukuliwa bila kuombwa. Alifariki Oktoba mwaka huo. Chembe zake hazikufa. Zilizalishwa, zikasafirishwa na kuuzwa dunia nzima, na zimesaidia katika tafiti zisizohesabika, zikiwemo za HPV. Familia yake iliishtaki kampuni ya Thermo Fisher Scientific mwaka 2021 na kufikia suluhu Agosti 2023, kwa masharti yaliyofanywa siri. Ilipita miaka 72.

Bei iulizwe lini

Wapo wanaopendekeza kila mwanamke alipwe kwa picha yake. Pendekezo hilo lina kasoro. Fedha taslimu mbele ya mtu mwenye shida humfanya akubali asichokielewa, kama Nairobi ilivyoonyesha, na picha moja, ikitenganishwa na nyingine maelfu, haina bei ya maana. Mkulima mmoja naye hakuweza kupanga bei ya tangawizi. Ushirika ndio uliojaribu.

Kinachoweza kudaiwa, na kudaiwa na halmashauri ya Same, hospitali na taasisi za utafiti kwa pamoja kabla ya picha ya kwanza kupigwa, ni vitu vya kushikika. Kwanza ni kwamba anayekutwa na mabadiliko atibiwe na nauli yake ilipwe na mradi, kwa sababu kumpima mwanamke usiyekuwa na mpango wa kumtibu ni kumtumia tu. Halafu mtambo utakaotokana na data hizo uuzwe kwa vituo vya afya vya Tanzania kwa bei ya gharama. Nakala kuu ya data ibaki nchini, na watafiti wa nje waje kufanyia kazi humu. Wahudumu wa vijiji wanaofuatilia wagonjwa kwa miaka walipwe posho kama wafanyakazi, kwa kuwa wao ndio wasindikaji wa bidhaa hii. Hakuna kampuni kubwa itakayofurahia sharti la bei, lakini kampuni inayohitaji matokeo ya miaka mitano haina pa kwenda kirahisi kuyapata.

Wafanyabiashara wadogo nao wasidhani haya ni ya wakubwa. Sheria ya 2022 inamtaka kila anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwa Tume, na haimtazami mtu kwa ukubwa wa mtaji wake. Duka la dawa linalohifadhi namba za simu za wagonjwa, maabara binafsi inayotuma majibu kwa WhatsApp, wakala wa bima anayenakili kadi za wateja na kikundi cha mikopo kinachoandika ugonjwa wa mwanachama kama sababu ya kuchelewesha rejesho, wote wameshika taarifa nyeti. Mwanachama au mgonjwa anayeona taarifa zake zimetumiwa vibaya anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo ina uwezo wa kuchunguza na kuamuru alipwe fidia.